Mashine Ndogo Iliyotekwa na Baba Kulwa

Mie nikisikia harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, nasinzia. Juzi hapa Chamazi jirani yangu alimleta mtu wa kukata majani, mwenye ile mashine ya kuvaa begani. Wenzangu walifunga madirisha wakaziba pua. Mie nilikuwa barazani napepeta mchele, nikashtuka kichwa kimeanguka na ungo umepinda. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimekumbuka kitanda changu cha zamani.

Nataka kulieleza hili vizuri, ingawa sijui kama naweza. Shule yangu iliishia la saba, na dada yangu Tatu, aliyesoma kunizidi, anasema huwa nakuza mambo. Basi pale ambapo yeye anakumbuka tofauti nitasema, ili asije akasema nimemnyima haki.

Tulikuwa tunakaa Kunduchi, nyuma kidogo ya pwani. Watu wa kule wanajua kwamba boti inaweza kulala ufukweni peke yake, lakini mashine yake hailali. Ukiiacha, asubuhi utakuta imehama. Kwa hiyo kila jioni wavuvi walikuwa wanazifungua mashine zao wanazipandisha nyumbani begani, kama mtu anayembeba mgonjwa. Nyingine zililala sebuleni, nyingine uvunguni. Ya kwetu ililala chumbani kwetu mie na Tatu, kwenye stendi ya mbao aliyoigonga baba, imefunikwa khanga kuukuu ya mama. Mgeni akichungulia alidhani kuna bibi kizee amekaa kwenye kona. Mie nilikuwaga naiamkia shikamoo. Tatu anasema si kweli. Nadhani ni kweli, maana nakumbuka kusubiri jibu.

Boti ilikuwa ya baba na Mjomba Selemani, mdogo wake mama. Kazi yao ilikuwa kurambaza, yaani kuburuta ndoano nyuma ya boti taratibu mpaka nguru adhani ni dagaa anayekimbia. Sasa kurambaza kunataka mwendo wa pole, na ile mashine yetu kubwa ilikuwa haijui mwendo wa pole. Ilijua kukimbia na kuzima. Siku moja ikachagua kuzima, mbali kule nje ya visiwa, na simu ya mjomba ilikuwa imeshaingia maji. Mkondo ukawachukua.

Sisi nyumbani hatukujua lolote. Jioni ilipita hawajarudi, na asubuhi nyumba ikajaa wanawake. Hakuna aliyesema neno lenyewe, lakini mikeka ilikuwa imetandikwa. Mama alikaa katikati, macho makavu, hajala tangu jana.

Hapo ndipo alipoingia Baba Kulwa. Huyu alikuwa jirani yetu, muuza mkaa, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mwenye kifua kama kabati. Bahari alikuwa anaiogopa mpaka akipita ufukweni anatembea upande wa minazi. Aliingia bila hodi, amevaa shati ndani nje, akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha baba.

"Poleni wafiwa," akasema. "Nimekuja kuchukua baiskeli yangu."

Mama akamtazama. "Baiskeli yako tangu lini?"

"Tangu jana, mtumwa wangu alipokwenda kuwatembelea papa bila kuniaga. Na redio pia naichukua. Ninyi Wazaramo redio ya nini, si mna ngoma?"

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, na katika kucheka ndipo machozi yakamtoka, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana, wakamshika. Baba Kulwa akaendelea kuorodhesha mali za marehemu mpaka akafika kwenye sufuria. Akamlazimisha mama anywe chai, akidai kwamba asipokunywa hiyo chai nayo ni ya kwake.

Mie nilimchukia kwa moyo wangu wote. Hakuna aliyewahi kunikalisha akaniambia kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwamba wanaruhusiwa kutukanana na kunyang'anyana vitu bila mtu kukasirika, na kwamba msiba ndiyo siku yao kubwa ya kazi. Mie niliona adui amekuja kutuibia wakati baba hayupo.

Baba na mjomba walirudi mchana kwa basi kutoka upande wa Bagamoyo, ambako mkondo ulikuwa umewatupa; boti ililetwa baadaye. Baba alishuka amepakata mashine kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Vigelegele vilipigwa. Baba Kulwa peke yake alinuna.

"Umerudi? Na mie nimeshaitia baiskeli upepo!"

"Nimerudi, mpagazi wangu. Toka kwenye kiti changu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mie nikadhani anacheka kwa woga.

Usiku wageni hawakuondoka upesi, lakini walipoondoka mama aliuliza swali moja tu. "Ilipozima, mlikuwa na nini kingine?"

Mjomba akajibu, "Tulikuwa na Mungu, dada."

"Mungu nilikuwa naye hata mie hapa. Nauliza mashine."

Mama akamgeukia baba. "Hutoki tena baharini na mashine moja. Ukitoka, ukirudi utanikuta kwa mama yangu Kisarawe, na watoto wangu wawili." Mama hakuwa mtu wa vitisho. Alichosema alikitenda. Nakumbuka nikihesabu vitu vyangu vya kubeba, na nikaanza na ile mashine.

Basi baba akakaa nyumbani. Sijui kama umewahi kukaa na mvuvi asiyevua. Siku za kwanza alirekebisha milango. Halafu alipanga upya vyombo vya mama kwa ukubwa, akaviita kwa vyeo. Halafu akaanza kumfundisha mama kukuna nazi. Nimpe haki yake, nazi aliikuna vizuri, lakini mama alikuwa na sura ya mtu anayeweza kwenda Kisarawe hata bila sababu ya mashine. Na samaki tulianza kuwanunua, jambo ambalo Kunduchi lilikuwa aibu kama kuazima maji kisimani kwako mwenyewe.

Kila mtu nyumbani alikubali kwamba mashine ya pili inatakiwa, ndogo, ya msaada, inayoweza kurambaza pole pole na kukurudisha nyumbani kubwa ikigoma. Ugomvi ulikuwa ni ipi. Mjomba alimjua jamaa mmoja Sinza anayeuza vitu vya mtumba vya kwenye makontena. Jamaa akawapa mbili za kujaribu, wachague, nyingine wamrudishie.

Ya kwanza ilikuwa ya petroli, ndogo kama mbuzi aliyeachishwa kunyonya juzi, rangi imebanduka. Tatu anasema ilikuwa kijani, mie naiona bluu. Ya pili ilikuwa fimbo ndefu yenye kifeni kidogo chini na usukani mfupi juu, inatumia betri kama ya gari. Baba aliitaka ya petroli. Mjomba aliitaka ya betri.

"Shemeji, hii haina kelele," mjomba alikuwa anasema. "Nguru hajui hata kama umefika."

"Na mie nitajuaje kama nimefika? Mashine isiyolia ni mashine gani? Mtoto akizaliwa asilie, mkunga anafanyaje?"

"Anampiga kofi."

"Basi ipige kofi tuone."

Niseme ukweli kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Ya betri ilikuwa mpole, haili mafuta, na kwa kurambaza ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili hiyo. Ya petroli ilikuwa na kelele ya kumfukuza samaki mpaka Zanzibar, lakini mafuta unaweza kubeba kwenye dumu, betri huwezi kuichajia baharini. Nimefikiria jambo hili miaka mingi na mpaka leo sina hakika ningechagua ipi.

Mama walipomuuliza alisema, "Mie sijui mambo ya baharini. Mie najua Kisarawe tu."

Zote mbili zikaletwa kulala chumbani kwetu, pembeni ya ile kubwa. Mie nikaona ni jambo la kawaida: kubwa imezaa. Kwa hiyo walipokuwa wanabishana kwamba hii ndogo mno, hii nguvu yake kidogo, sikuelewa shida iko wapi. Nikamwambia baba, "Si zitakua?"

Baba akaniangalia kwa huruma. "Hizi hazikui, mwanangu. Zinazeeka tu."

Wakazijaribu uani kwenye pipa la maji, kama wafanyavyo mafundi wote wa pwani. Maji yalikuwa yanatoka kwa wiki mara moja mtaani kwetu, na pipa lile mama alikuwa amelijaza jana yake. Hawakumwuliza. Ya petroli baba aliivuta kamba, ikakohoa, akaivuta tena, ikalipuka kwa sauti iliyomtoa kuku juu ya ukuta, na nusu ya pipa ikaruka ikamfikia mama aliyekuwa anaanua nguo. Moshi ukatanda. Baba akawa anafurahi, anapiga kelele, "Unasikia? Unasikia?" kana kwamba kulikuwa na mtu Kunduchi ambaye hasikii. Ya betri mjomba alibonyeza kitu, maji yakazunguka taratibu kama uji unaokorogwa. Mama, amelowa, akatazama lile pipa moja kisha mume wake. Baba akaenda akapanga vyombo tena.

Katikati ya ule moshi akatokea Baba Kulwa, mikono imejaa mkaa. Akawasikiliza wanavyobishana. Halafu akainama, akaiinua ile mashine ya petroli kwa mkono mmoja, akaiweka begani.

"Nimeiteka," akasema.

"Unaipeleka wapi wewe?" baba akauliza.

"Nyumbani kwangu. Watoto wakigombania kitu, mwenye watoto anakichukua. Mkitaka, mje mkomboe."

"Mpagazi mkubwa! Si mnaona? Kazi ya babu zake ya kubeba mizigo haijamtoka!"

Lakini hakumfuata. Nilimvuta baba kanzu, nikamwambia mwizi anaondoka, akasema, "Mwache, ni haki yake." Nilikwenda chumbani nikalia. Kwa mtoto wa Kunduchi, mtu kuchukua mashine mchana kweupe na baba yako akasema ni haki yake, dunia ilikuwa imeisha.

Mjomba akaona huo ndio ushindi. Imebaki ya betri, basi tuijaribu baharini. Mama akaafiki kwa sharti lake: "Ile kubwa ibaki nyumbani. Nataka niione hiyo ndogo inafanya nini ikiwa peke yake. Ikiwatoa na kuwarudisha, nyamazeni tu, nitakuwa nimeelewa. Isipowarudisha, tusizungumze tena habari za bahari." Wakapanga kesho yake asubuhi, maji yakiwa yametulia. Betri ikachajiwa kutwa nzima kwa jirani mwenye umeme wa uhakika.

Sasa jioni ile kulikuwa na mechi, ile ya watani wa jadi inayogawa nyumba katikati. Na kabla tu ya kuanza, umeme ukakatika mtaa mzima. Sie tulikuwa na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri. Tatu anasema aliyetoa wazo ni mjomba. Nadhani ni kweli, lakini nimpe haki yake mjomba: aliyekwenda kwa jirani kuileta ile betri ya mashine ni baba, na aliyeunga waya ni baba. Mtaa mzima ukahamia uani kwetu. Baba na mjomba, ambao walikuwa hawasemezani vizuri tangu ule ubishi wa pipa, walikumbatiana kwenye goli la kwanza. Baba Kulwa alikaa nyuma, akichokozana na kila mtu. Nakumbuka mwishoni picha ilianza kuwa nyembamba, wachezaji wakawa kama njiti, na hakuna hata mtu mmoja mzima katika ua ule aliyejiuliza kwa nini.

Asubuhi tulikwenda wote pwani. Mama alivaa khanga mpya, akasimama kwenye mchanga mbali kidogo na watu, mikono kifuani. Baba na mjomba wakaisukuma boti. Mashine ya betri ikawachukua bila sauti. Lazima niseme ilipendeza. Boti ilikwenda kama inavutwa na uzi, mjomba amesimama wima na kidole juu, akituonyesha kimya kile. Wakapita ngalawa zilizotia nanga, wakapita mpaka pale rangi ya maji inapobadilika.

Halafu boti ikasimama.

Mwanzoni tulidhani wanageuka. Tukaona mjomba anabonyeza. Tukaona baba anabonyeza. Halafu tukaona baba ameshika kichwa, na nadhani ni wakati ule ndipo alipoikumbuka mechi. Wakaanza kwenda kombo, pole pole, upande uleule wa Bagamoyo. Kasia walikuwa nalo moja, wakawa wanazunguka nalo.

Watu wa pwani wakaanza kucheka. Mama hakucheka. Nilikuwa nimeushika mkono wake. Alisema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Kisarawe."

Sijui Baba Kulwa alitokea wapi. Nilimwona tu akiteremka kutoka kwenye minazi, mashine ya petroli begani, akaenda mpaka kwa mvuvi mmoja aliyekuwa anatoka na ngalawa yake. Wakazungumza. Kisha Baba Kulwa akakunja suruali, akafumba macho, akaingia majini. Maji yalimfika magotini akasimama. Nikadhani atarudi. Yule mvuvi akamvuta mkono, akapanda ngalawa kama mtu anayepanda mgongo wa nyoka, akakaa sakafuni kabisa amekumbatia mashine, kichwa kimeinama.

Nikamwambia mama, "Anakwenda kumuua baba." Mama akasema, "Nyamaza uone."

Upepo ulikuwa unakuja nchi kavu, kwa hiyo tuliyasikia mengi, na yale ambayo hatukuyasikia mjomba aliyasimulia mara nyingi baadaye, labda akiongeza chumvi. Ngalawa ilipofika karibu, Baba Kulwa, bado amefumba macho, alipaza sauti.

"Mateka wenu huyu hapa! Mwanitambua?"

"Lete hiyo mashine, ndugu yangu!" baba akaita.

"Leo ndugu! Jana mpagazi! Komboeni kwanza."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maneno. Sema mbele ya pwani nzima: Wanyamwezi ni mabwana zetu."

Mjomba hakungoja. "Nasema mie! Mabwana zetu!"

"Wewe shemeji mtu tu. Namtaka mwenye nyumba."

Boti inakwenda, ngalawa inafuata. Nahodha wa ngalawa akamsihi, "Mzee, sema tu, mie nina mitego yangu." Ufukweni hata wauza samaki waliacha visu. Mwishowe baba akasimama, akaweka mikono mdomoni kama mwadhini.

"Wanyamwezi ni mabwana zetu!" Akapumua. "Wakiwa nchi kavu!"

Pwani ikalipuka. Baba Kulwa mwenyewe akacheka mpaka akafumbua macho, akaona maji, akafumba tena. Akawapa mashine.

"Ina mafuta?" baba akauliza.

"Nimeilisha. Nimechanganya na oili kama walivyonielekeza. Mateka hawekwi na njaa."

Baba akaivuta kamba. Ikakohoa. Akaivuta tena, ikalipuka kwa ile sauti yake mbaya, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Mama alitoa mkono wake mkononi mwangu akajifuta uso na pindo la khanga.

Lakini ngalawa ilipofika karibu na ufukwe, Baba Kulwa hakuweza kushuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa hofu. Yule mvuvi alimsihi, akakataa hata kufumbua jicho. Basi baba akairudia ngalawa, maji yakimfika kifuani, akageuza mgongo, akambeba. Mtu mwenye kifua kama kabati. Na njia nzima Baba Kulwa alikuwa anapiga kelele juu ya mgongo ule, "Jamani nitazameni! Leo mpagazi nani? Hata mwendo hajui, ananitikisa!"

Nilimkimbilia baba, nikamwuliza kwa nini amembeba adui yetu.

Baba akamtua mchangani kwanza. "Nikimwacha," akasema huku anahema, "siku nikifa nani atakuja kunicheka?"

Tatu anasema maneno hayo aliyasema siku nyingine. Inawezekana. Mie nayakumbuka yana maji ya chumvi.

Tukarudi nyumbani, mashine zote mbili begani. Baba na mjomba walikaa barazani kama watoto waliofukuzwa shule. Walijua walichoahidiana na mama. Mashine ya betri haikuwarudisha, hilo pwani nzima ililiona, na ya petroli ilikuwa imefika kwa hisani ya mtu. Mama alikuwa jikoni, tulisikia maji, tulisikia sufuria. Baba alikuwa anamtazama mjomba, mjomba anatazama miguu yake.

Kisha mama akasema, bila kugeuka, "Hiyo yenye kelele ndiyo mnayoichukua. Nimeisikia nikiwa nimesimama mchangani."

Akafunika sufuria.

"Kesho mnatoka saa ngapi?"

Walikuwa hawajapanga chochote, hawakuthubutu. "Maji yakijaa," baba akasema.

"Basi nitawachemshia mihogo."

Sina hakika kama alisema mihogo au viazi. Lakini alisema atawachemshia.